Wanyama wa Bahari Kwenye Ukuta Wetu

Lugano mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako kanisani, na baba yako yuko kwenye pareto huko juu, basi nimepata nafasi ya kukaa. Habari za blanketi na sabuni na namna ya kuishi na watu tumeshazisema mpaka umechoka, nimekuona unavyotazama paa kila nikianza. Sizirudii. Iringa si ugenini kwako. Bibi yako mzaa baba yupo, na chuo chenyewe ni cha walimu, hakuna atakayekumeza. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo umeniuliza tangu u mdogo, nami sijawahi kukujibu sawasawa. Nikilisema kwa mdomo nitalia, nawe utalia, na kesho utapanda basi na macho yaliyovimba.

Uliniuliza kwa nini ukuta wa baraza letu una mapweza na kasa, wakati nyumba za wenzetu hapa zina ukuta mtupu, au maua mawili matatu. Kila mara nilikujibu, "Baba yako anawapenda." Si uongo, ila halikuwa jibu.

Unajua mimi nilizaliwa Rungwe. Kwetu mwanamke alipimwa kwa ukuta wake. Mama yangu alikuwa akimaliza kusiriba nyumba, wapita njia wanasimama. Udongo mweupe tuliuchimba kando ya mto, mwekundu tuliutoa kwenye kichuguu, na weusi ulikuwa masizi ya vyungu tuliyoyaponda na maji ya majani. Alichora kwa vidole, kwa gunzi la mahindi, na kwa unyoya wa kuku pale palipotaka mstari mwembamba. Hakunifundisha kwa maneno. Alinipa kona ya chini, karibu na ardhi, mahali ambapo kuku wangeharibu hata hivyo, akasema, "Hapa chezea." Mpaka nilipoolewa nilikuwa nimepanda kutoka kona ile hadi mlangoni.

Baba yako alikuja Rungwe kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Mhehe wa watu, hajui Kinyakyusa hata cha kuombea maji. Nami Kihehe sikukijua. Tulikutana kwenye Kiswahili, na Kiswahili chetu sote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Nilidhani ni mtu wa maneno machache. Kumbe maneno hayakuwa machache, ila alikuwa hajayapata. Alipoyapata, mwanangu, nilijuta! Alikuwa na utani huyo mtu. Aliwaiga wanyapara, aliiga mbuzi wa mama yangu, alimwiga hata baba yangu mbele ya baba yangu, na mzee akacheka. Huyo ndiye niliyeolewa naye. Ninakuambia kwa sababu wewe hukumwona. Tulipohamia huku karibu na Mbalizi na wewe ukazaliwa, vita ilikuwa imeshaanza, na walimchukua jeshini hujaanza hata kutambaa.

Aliporudi ulikuwa mtoto wa kutumwa maji. Ulijificha nyuma yangu, ukaniuliza kwa Kinyakyusa, "Huyu mtu atalala hapa?" Alikuwa amekonda, shingo inaelea ndani ya koti la jeshi. Alisalimia vizuri. Alikula. Alilima. Ila yule mtu wa utani hakurudi naye. Mtu akimuuliza habari za Bama, nchi ya mbali walikopelekwa kupigana, alisema, "Kulikuwa na mvua," basi. Nilingoja. Nikajiambia labda amesahau Kiswahili chetu, labda kule walisema kingine. Unaona mtu anavyoweza kujidanganya.

Kiangazi kile nilikuwa nikisiriba baraza. Nilishaweka nyekundu, nikaanza mistari ya mama yangu. Nikahisi mtu amesimama nyuma yangu.

"Mama Lugano," akasema, "unaweza kuchora kitu ambacho hujakiona?"

"Nikielezwa."

Akafikiri. "Kuna mnyama anaitwa pweza. Ana kichwa kama kibuyu na mikono minane."

"Minane! Na miguu?"

"Hana miguu. Mikono ndiyo miguu."

"Na mwili uko wapi?"

"Kichwa ndicho mwili."

Nilidhani utani umerudi. Nilimtazama, hakuwa anatania. Basi nikachovya vidole kwenye masizi, nikachora. Akasogea, akatikisa kichwa. "Umemchora kama buibui. Buibui ana magoti. Huyu hana goti hata moja. Mkono wake unakwenda kama moshi." Nikafuta, nikachora tena. Nikafuta. Mara ya nne au ya tano akauweka mkono wake ukutani kando ya mchoro bila kuugusa, akasema, "Ndiye."

Kesho yake akaniambia nichore taa. Nikamuuliza, "Taa ya kuwasha?" Akasema hapana, ni samaki, bapa kama ungo, ana mkia kama fimbo ya mchunga ng'ombe. Nikachora ungo na fimbo, akaridhika. Halafu akasema kuna kingine kina ncha tano, kinakaa chini kabisa kwenye mchanga, watu wa pwani wanakiita kiti cha pweza.

"Kwa hiyo pweza akichoka hukaa kitini?" nikamuuliza.

Akacheka. Lugano, alicheka mpaka akashika nguzo. Wewe ulikuja mbio kutoka jikoni, umeshika kijiko, kuja kuona nani anacheka. Hukuijua sauti ile.

Tuliendelea hivyo kiangazi chote. Kazi ya shamba ikiisha anakaa kwenye kigoda, mimi nimesimama ukutani, anaeleza, ninachora, ananisahihisha. Kasa nilimpata haraka kwa sababu nilimjua kobe. Farasi wa bahari alinishinda kwanza, nilikataa kuamini, nikamwambia hapo sasa unanifanya mjinga. Aliyenitesa zaidi ni konyeza. Alisema ni kama mwavuli wa maji, unamwona na unaona mpaka upande wa pili. Utachoraje kwa udongo kitu kinachopenywa na macho? Nilijaribu kwa nyeupe, akawa kama uyoga. Mwisho niliupunguza udongo kwa maji mpaka ukawa kama uji wa mtoto mchanga, nikaupaka kwa unyoya juu ya ukuta mwekundu, na ule wekundu ukaonekana ndani yake. Nilipiga kigelegele peke yangu. Mama yangu angekuwepo angeniachia nyumba nzima.

Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilijiona nimempata tena mume wangu. Nilimuuliza mikono mingapi, macho yako wapi, anakula nini, rangi yake ikoje akikasirika. Kitu kimoja tu sikumuuliza. Sikumuuliza kwa nini. Kwa nini mtu atoke vitani asiwe na neno la bunduki wala la adui wala la rafiki, awe na samaki tu? Niliogopa nikiuliza atanyamaza tena. Na kusema kweli niliupenda ukuta wangu. Sikutaka uwe na sababu nyingine zaidi ya mimi na yeye.

Majirani walianza kwa kushangaa, wakaishia kwa kunong'ona. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Sekela, mtoto wa jirani yetu wa bondeni, aliugua homa kali, na katika kuweweseka akapiga kelele kwamba lile la mikono minane linamvuta. Ilitosha. Mtoni wanawake wakawa wananyamaza nikifika. Mmoja akaniambia wazi, "Mama Lugano, Mungu aliumba ng'ombe, aliumba kuku. Hilo la kwako aliliumba lini?" Nilitaka kumjibu kwamba ni siku ya tano, imeandikwa. Nikajitwisha maji yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni pale, Mnyakyusa aliyeolewa na Mhehe kwenye vilima vya Wasafwa, na nilikuwa nimechoka kuwa mgeni.

Akaja mzee mmoja wa kanisa. Mtu mwema, sitamsema vibaya. Alikunywa togwa, akasifu mahindi, halafu akasema, "Hatukulazimishi, mama. Ila kwa ajili ya amani, ungeufuta tu." Baba yako alikuwa Iringa, bibi yako alikuwa mgonjwa. Ningeweza kusema, mwenye nyumba akirudi tutazungumza. Nikasema, "Sawa, mzee."

Na wakati huo Sekela alikuwa ameshapona. Walimpeleka hospitali Mbeya akapewa dawa, nilimwona kwa macho yangu anakimbiza vifaranga. Nilijua kabisa kwamba pweza wangu hana kosa. Nikachukua udongo mweupe nikaufuta ukuta wote asubuhi moja. Wewe ulikaa kwenye jiwe la kusagia ukalia, nami nikakutuma maji ili nisikuone.

Baba yako aliporudi alisimama pale uwanjani, mzigo bado uko begani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno yangu yote tayari. Akasema, "Ukuta umekuwa mweupe." Akaingia ndani, akanawa, akala. Wewe ukamuuliza, "Baba, kasa amekwenda wapi?" Akakujibu, "Amerudi kwao."

Baada ya hapo ukimya ukarudi, na safari hii nilijua nani ameuita. Angenipiga ningekuwa na la kusema kwa watu. Alinisaidia kubeba kuni. Aliniambia asante kila nikimpa chakula. Ndivyo tulivyoishi, mwanangu, kwa asante, mpaka mvua zikaja zikaisha.

Ndipo alipofika yule bibi wa Chimala. Wewe unamkumbuka kwa sababu ya mchele aliokuwa akikuletea, lakini siku ile ya kwanza ulikuwa shule. Alikuja kwa lori la mchele, akateremka Mbalizi, akauliza njia mpaka kwetu. Mwanamke mfupi, mzee, kuku kwapani na kikapu kichwani. Baba yako alikuwa anatengeneza mpini wa jembe.

"Kamwene," bibi akasalimia.

"Kamwene, mama," baba yako akaitikia.

Bibi hakungoja kiti. "Wewe ndiye uliyekuwa na mwanangu Elia?"

Mpini ukamdondoka. Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo, Lugano. Miaka yote ile, na samaki wote wale, sijawahi kulisikia.

"Ndiye mimi," akasema.

"Barua ya serikali ilisema amekufa. Haikusema alipolala. Kuna kijana alirudi, akaniambia wewe ulikuwepo. Mimi ni mzee, sitaki mengi. Nionyeshe alipolala mwanangu, nikamlilie hapo, nirudi kwangu."

Baba yako alitazama ukuta. Sikuelewa. Aliutazama ukuta wangu mweupe kama mtu aliyeibiwa, kisha akainamisha uso, na akaanza kusema. Alisema kwa Kihehe, na bibi aliyesikia Kisangu tu alimfuata vizuri, maana lugha zile ni ndugu. Mimi nilishika neno hapa, neno pale. Baadaye alinieleza mwenyewe kwa Kiswahili, ndiyo maana naweza kukuandikia.

Elia alikuwa rafiki yake tangu siku ya kwanza ya jeshi. Vita ilimwacha mzima, hana hata mkwaruzo. Wakiwa melini wanarudi nyumbani, vita imekwisha, watu wanaimba, Elia akashikwa na homa ya tumbo. Alikufa nchi kavu ikiwa bado mbali. Wakamfunga kwenye turubai, wakamwekea chuma cha uzito miguuni, padre wa jeshi akasoma, wakauinamisha ubao aliolazwa, akaingia baharini. Baba yako alikuwa ameshika upande mmoja wa ubao ule. Anasema hakusikia hata sauti ya kuanguka, meli ilikuwa inanguruma.

Na yeye mwenyewe akaugua. Walipofika Mombasa alilazwa, na alipopata nguvu ya kutembea alikuwa akishuka pwani maji yakitoka, kwenye miamba. Kulikuwa na mama mmoja akichokoa pweza kwa mkuki mfupi. Baba yako alimfuata kila siku, akimuuliza: huyu ni nani? Anauma? Ana roho mbaya? Anakaa wapi maji yakiwa mengi? Mama yule alidhani ni askari aliyeharibika kichwa, lakini alimjibu kwa upole kila alichouliza.

"Kwetu mtu akizikwa unajua amelala karibu na nani," baba yako alimwambia bibi. "Huyu yuko kwa babu yake, huyu yuko kando ya mgomba. Mimi Elia nimemwacha mahali nisipomjua hata mtu mmoja. Nikataka kuwajua majirani zake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli mkononi. Nilijua sasa nimefuta nini.

Bibi hakulia. Aliuliza tu, "Na hao majirani wako vipi?"

Baba yako akanitazama. Hakuwa ananilaumu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Alikuwa ananiomba. Nikaweka bakuli chini. Nikachukua jembe na debe, nikaenda kuchimba udongo mwekundu wa kuusiriba ukuta upya, na niliporudi bibi alikuwa ameshavua kitenge cha juu, anaponda masizi yangu kwenye kigae kama aliyezaliwa nyumbani kwangu. Tulifanya kazi mchana kutwa. Baba yako alieleza, lakini sikuhitaji kuelezwa sana; mikono yangu ilikuwa inakumbuka. Pweza, taa, kiti cha pweza, kasa. Bibi aliuliza kwa kila mmoja, "Huyu je, mpole?" Na baba yako alijibu, "Mpole." Alipofika kwa konyeza alisita. Akasema, "Huyu anawasha kidogo. Lakini hafanyi makusudi." Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za mkwe.

Tulipokwisha akasimama mbele ya ukuta, akauliza, "Na mwanangu umemweka wapi?"

Mimi huchora kitu kinachoenda, kinachokula. Baba yako alionyesha nafasi chini ya tumbo la kasa. Nikachovya kidole, nikashindwa kukiinua. Bibi akanisogeza kando kwa upole. Akauloweka mkono wake wote kwenye udongo mweupe, akaubandika pale, akaushikilia. Alipoutoa palikuwa na kiganja, vidole vitano, kidole cha mwisho kimepinda kidogo. Hapo ndipo alipokaa chini akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu anavyopaswa kulia.

Kilio kikivuma hapa kwetu hakuna anayeuliza cha nani. Wanawake walianza kufika, mmoja mmoja, wamejitanda. Wa kwanza alikuwa mama yake Sekela. Aliuona ukuta, akauona ule mkono, akamwona bibi chini. Akakaa kando yake, akanyoosha miguu, akalia naye. Usiku watu walikota moto pale barazani kama kwenye msiba wowote. Yule mzee wa kanisa akaja akasali, na ukuta uko nyuma yake, na hakuna aliyeniambia nifute tena mpaka leo.

Bibi alikuwa akija kila mwaka mvua zikiisha, maana mvua hula mchoro na lazima uchorwe upya, na kila mwaka aliweka mkono wake mwenyewe. Miguu ilipomshinda, mimi na baba yako tulikwenda kwake Chimala tukamchorea nyumba yake. Kesho basi litapita hapo. Usiitafute nyumba ile. Bibi alifariki, ukuta ukaanguka, na wajukuu wamejenga ya matofali. Mkono unaouona barazani siku hizi ni wangu, na sitaki ufikiri ni wake.

Na baba yako alirudi, kama ninavyokuambia. Si kamili. Kuna sehemu ilibaki huko ilikobaki. Lakini alianza kunihadithia Elia: alivyoimba vibaya, alivyoiba sukari ya jeshi akaificha kwenye soksi ikaingia sisimizi. Akamwiga mpaka nikamjua. Miaka miwili yote tungeweza kuwa tumeishi naye yule kijana ndani ya nyumba kama ningeuliza neno moja.

Sina ushauri mwingi, Lugano. Utakuwa mwalimu, watoto watakuletea mambo yao ya ajabu, na siku moja utakuwa na mume na yeye ataleta yake. Utauliza maswali mazuri, nakujua, una akili. Mimi nami niliuliza maswali mazuri sana. Na siku watu watakapokutaka ufute kitu kwa ajili ya amani, angalau ngoja mwenyewe arudi kutoka safari. Sisemi usifute. Ngoja tu.

Nasikia mbwa anabweka, nadhani ni wewe. Nitaweka barua hii ndani ya kitambaa cha mkate, utaiona mkifika mbali.

La mwisho. Kesho pale Mbalizi baba yako hatasema kitu. Atazungumza na utingo habari za matairi. Sanduku lako atakuwa amelishika yeye, na basi litakapowashwa atakuwa bado amelishika, na watu watapiga kelele kwamba abiria mmoja anachelewesha. Usimnyang'anye. Mwache alishike kidogo. Yeye mwenyewe atajua wakati wa kuliachia.

Mimi mama yako, mwenye udongo kwenye kucha